Mdundo wa Ngazini

Katika shule ile hesabu zilifundishwa kwa ngoma, na mwalimu wa darasa la tatu, mama mwenye ulimi mkali, hakuwa na simile na mtoto anayepiga ovyo. Siku hiyo kila mmoja aliombwa kuleta mdundo wa kitu cha nyumbani kwao, darasa zima liupige kwenye madawati na kuuhesabu. Walishapiga wa cherehani na wa bomba linalovuja.

Akafika Kidoti, binti mkimya kuliko wote. Akapiga mapigo mawili mazito na moja la kuburuta, kisha akanyamaza kwa hesabu nne.

"Hicho kimya kirefu, mwanangu," mwalimu alisema. "Ni mdundo wa nini?"

"Baba akipanda ngazi."

"Na hapo anaponyamaza?"

"Anasikiliza tumejificha wapi."

Watoto wenzake, wasiojua hili wala lile, waliurudia mpaka wakaushika.

Jioni, wazazi walipoanza kuja kuwachukua watoto, darasa lilikuwa kelele tupu. Ndipo ngazi za nje zikalia: mawili mazito, moja la kuburuta.

Kelele zilikatika kama zimekatwa kwa kisu. Watoto wote walinyoosha vidole wakihesabu kimya: moja, mbili. Kidoti alikuwa tayari chini ya dawati.

Mwalimu aliufikia mlango kwenye tatu, akazungusha ufunguo.

Kwenye nne, kitasa kikageuka.