Jina la Mjomba Kornelio

...na bado hajaitika, mama yake, Siwema, ameshaita mara mbili, "Kornelio!", akimkazia macho yeye Anselmi, ilhali Kornelio mwenyewe, kaka yake mama, yuko chini ya udongo nyuma ya ghala, na mila yao ni hiyo, mpwa akiitikia jina la marehemu karithi vyote, mashamba, watoto, magomvi, na kesho malori ya Operesheni yanakuja kuwahamishia kijiji kipya, mjomba aliapa hahami, sasa ukoo mzima wa hapa Msowero umekaa mkekani kumsikiliza mrithi, naye ni mtumishi wa serikali hiyohiyo yenye malori, makubwa haya... "Amepigwa bumbuazi?" anauliza Mzee Theodory, na mtu anamjibu, "Mwache, babu, kusoma kwingi huko," naam, kusoma, Oslo kwenye baridi na kompyuta kubwa kama jiko la shule, kadi zenye matundu, wakafundishwa kwamba ndani ya programu vitu hupangwa kwa klasi, yaani aina, na klasi ya mtoto hurithi vitendo vyote vya klasi ya mzazi, lakini mtoto akijiandikia kitendo chake kwa jina lilelile, cha mzazi hunyamaza, hakifi, hunyamaza tu mpaka mtoto akiite, naye akatunga programu ya kuigiza bandari, meli yake ya mafuta akaipa namna yake ya kuondoka, asimwite mzazi, klasi ya meli zote, na mzazi ndiye aliyejua kuachia gati, basi meli ikaenda zake, gati likabaki limeshikwa na meli ambayo haipo, nyingine zikangoja huko nje milele, mwalimu akacheka, umemsahau mzazi, bwana... na kweli alimsahau, aliondoka Kilosa na treni bila kumuaga mjomba, aliyemlipia ada kwa pamba yake, mjinga mkubwa we, na leo ndiyo anataka kumwita, mjomba, fanya kwanza ulivyokuwa ukifanya, kaa kwenye kigoda, kohoa, mwambie bwana shauri wa wilaya hatutoki, kisha mimi nitaendelea, lakini nitaendelea na nini, ya mjomba yanaishia kwenye kukataa, hakuna aliyeona angefanya nini lori likishaingia uani, hapo ni pa Anselmi peke yake, afukuzwe kazi au awapakie mama zake kama magunia... "Kornelio!" ya tatu hiyo, sauti ya mama inapasuka, na anaona jambo ambalo hakuliona njia nzima, kwamba akiitika tu, mama hatamwita tena mwanangu, atamwita kaka, ndiyo desturi, atakuja alfajiri amshike mkono, kaka, tufanyeje, mama yake mzazi, na juu yake hapatakuwa na mtu wa kumwita, wote watakuwa wanamwita yeye, anaogopa, anaogopa kuliko anavyoyaogopa malori, ukoo unangoja, na neno lililo ulimini mwake siyo naam, ni mama...