Kijiji Kilichokuwa Ng'ambo

Lori la mpunga nililopanda lilikuwa limeshaipita kona ya pili, na dada yangu Siwema bado amesimama pale ukingoni mwa mto, mtandio mabegani, akawa mdogo, akawa nukta, akapotea. Sikumpungia mkono. Tuliagana vibaya. Tangu asubuhi tulikuwa tumehangaika kujiandikisha kupiga kura, yeye na mimi, maana kijiji chetu cha Lugongwe kiko kwenye kisiwa katikati ya Mto Luhala, na mto huo ndio mpaka wa majimbo mawili ya ubunge. Tulivuka kwa mtumbwi kwenda magharibi, karani akapekua karatasi zake akasema Lugongwe ni ya ng'ambo. Tukavuka kwenda mashariki, na karani wa huko, mama mpole tu, akatuambia yaleyale: nyie ni wa ng'ambo. Bila jina daftarini huna mbunge, na bila mbunge hakuna wa kutuombea daraja la miguu. Binti yake Siwema alikuwa na mimba ya miezi saba na masika yanakuja. "Kaka," akaniambia, "andika barua kwa wakubwa. Wewe umesoma." Nikamjibu kwamba nimesoma kwa vipande, darasa la pili huku, la nne kule, la sita sikulimaliza, halafu lori lenyewe linaondoka. Akasema, "Na lini halikuondoka?" Maneno hayo nikapanda nayo juu ya magunia, jua liko utosini, na sikumbuki ni saa ngapi macho yalijifumba.

Nikaota natembea katika nchi iliyochorwa. Ardhi yake yote ilikuwa imepigwa mistari ya chokaa, na mistari ile ilikuwa ikihama taratibu kama siafu, ikipita katikati ya mashamba, ikipanda ukutani na kushukia dirisha la pili, hata nikaona ng'ombe amelala kichwa jimbo moja na mkia jimbo lingine, anacheua tu, hana habari. Watu walikuwa wakihamisha vigoda vyao kila mstari ulipowafikia, bila kukatiza mazungumzo. Mbele yangu akatokea mwanamke mrefu, ameshika rula ya karani, miguu imepasuka visigino. Nikamwamkia, akaitikia, akasema jina lake ni Kumbukumbu na kazi yake ni kutembeza wageni, ingawa wageni wenyewe siku hizi ni wachache. "Tembea upande wangu wa kushoto," akasema, "sikio la kulia limechoka kwa hotuba."

Akanipeleka kwenye uwanja wenye kiti kimoja cha mninga. "Hapa ndipo mkoa huu ulipoanzia. Mkoa mzima jimbo moja, na mtu mmoja. Aliitwa Mjumbe, kwa sababu alitumwa. Alitembea siku kumi na moja kufika barazani, na akirudi alisimama sokoni akasema: mlinituma hiki, nimejibiwa hiki. Mara nyingi alikuwa amejibiwa hapana. Aliibeba hiyo hapana siku kumi na moja, akaja kuisema." Tukaenda kwenye uwanja wa viti viwili, uliowekwa wakulima wa pamba walipokataa kusemewa na wafugaji. Kisha viti vitano, maana kila mlima ulitaka wa kwake. Kisha tisa. Nikamuuliza kwa nini tisa, akasema, "Viti vilikuwa vimeshachongwa." Nami nikaona kwamba tangu ule uwanja wa viti vitano migongo ya viti imerefuka, na maandishi yake yamegeuka, hayasomeki tena Mjumbe, yanasomeka Mheshimiwa. Kumbukumbu akaweka rula juu ya neno hilo kama anayepima kitambaa. "Aliyetumwa unamdai jibu. Aliyeheshimiwa utamdai nini? Usiwachukie, wako waliofanya kazi mpaka wakaugua. Wewe angalia tu ni wapi neno lilibadilika, na siku hiyo nani alinyamaza."

Kelele zikatuita kwenye ukumbi. Humo ramani ya mkoa ilikuwa imetandikwa sakafuni kama mkeka, inachorwa upya, na mzee mmoja nadhifu aitwaye Mazoea alikuwa amepiga magoti kando yake na kitambaa kibichi. Desturi yao ilikuwa hivi: kijiji ambacho hakijadaiwa na mwakilishi yeyote mpaka kengele ilie, Mazoea hukifuta. Hafuti kwa ubaya. Anafuta kama unavyofuta meza. Na pale katikati ya mto wa ramani kulikuwa na kinukta kimoja, na mbele ya kinukta amesimama mwanamke mwenye tope mpaka magotini. "Huyo ni Subira," Kumbukumbu akaninong'oneza. "Ameshavuka mara nne leo."

Mwakilishi wa magharibi aliitwa Mheshimiwa Ahadi, mtu wa meno mazuri. "Bibi yangu," akamwambia Subira, "suala lako liko kwenye mchakato."

"Mchakato huo unakaa wapi, mheshimiwa, niufuate?"

Watu wakacheka. Ahadi naye akacheka, maana hakuwa mtu mbaya. Akafunua karatasi yake akasoma: Wewe chukua vijiji vya upande wako, vya ng'ambo ni vya mwenzako. "Sasa mimi nikiwa ukingoni kwangu, kisiwa chako nakionea wapi? Ng'ambo. Ningekuwa na uwezo, wallahi ningekupa madaraja mawili."

Mwakilishi wa mashariki, Mheshimiwa Usahaulifu, akapapasa mifuko yote minne ndipo akaipata karatasi yake kwenye soksi. Ilikuwa ileile, neno kwa neno. "Ng'ambo," akasoma. "Ya mwenzangu hiyo. Bibi, tulishawahi kuonana?"

"Uliposimama kugombea ulikula kambale kwangu."

"Alikuwa mtamu?"

"Ulisema hutamsahau."

Mazoea akakamua kitambaa chake. Kumbukumbu akauliza ukumbini kwa sauti ya kawaida, "Aliyeliandika neno hili ng'ambo, alikuwa amesimama wapi?" Hakuna aliyejua. Wakaomba shahidi, mtu aliyetembea nchi, na macho yote yakanigeukia mimi. Ahadi akaniuliza kwa adabu, "Mzee wetu, wewe kwenu wapi?"

"Ng'ambo," nikajibu. Lilitoka lenyewe. Miaka arobaini nimelala katika miji ya watu, nikiulizwa kwetu nasema ng'ambo huko, ng'ambo ya mto, na mtu anaridhika, na mimi naridhika. Mheshimiwa Ahadi akafungua mikono: mnasikia wenyewe. Subira akanitazama bila hasira yoyote, na hilo ndilo sikuweza kulistahimili.

Kisha akasema, "Hiyo karatasi mmeisoma mkiwa ukingoni. Njooni muisome mkiwa kwangu." Akaichukua mkononi mwa Ahadi, akaivulia viatu ramani, akapanda, akasimama juu ya kinukta. Akasoma polepole kama mtu aliyejifunzia ukubwani. "Upande wangu ni huu ninaoukanyaga. Ng'ambo ni nyie. Wote wawili. Kwa hiyo kwa karatasi hii mimi sijakosa mwakilishi, ninao wawili, na wote hawajafika kazini." Kitambaa cha Mazoea kikasimama kwenye kidole cha mguu cha Subira. Akamwomba asogee kidogo. Subira akasema hasogei. Akamwomba tena. Nikamwona mzee yule, kwa mara ya kwanza nadhani maishani mwake, hajui afanye nini na mkono wake.

Hapo nikaamka. Lori limesimama, dereva anabadilisha tairi, jua limepunguka kidogo. Nikakaa juu ya magunia. Sikuhitaji mtu wa kunifasiria. Makarani wawili waliifuta Lugongwe siku moja, mimi nilikuwa nimeifuta miaka arobaini, na mwenye kusimama juu yake alikuwa Siwema peke yake. Nikamwambia dereva nashuka. Akasema, "Mzee, hapa ni porini." Nikashuka, nikarudi kwa miguu.

Barua niliiandika, ukurasa mmoja, nikiomba karani aje aisome karatasi ya mpaka akiwa Lugongwe. Alikuja baada ya miezi mitano. Mjukuu wa Siwema alikuwa ameshazaliwa, ndani ya mtumbwi, wa kike, mzima. Mama yake alilazwa wiki tatu akapona. Uchaguzi ule hatukupiga kura. Mipaka ilipopitiwa upya Lugongwe iliwekwa magharibi, watu mia mbili na kumi na mmoja. Mbunge wa magharibi alishindwa na sasa anauza saruji. Wa mashariki bado ni mbunge. Aliyechaguliwa na sisi amelisema daraja bungeni mara mbili na amekuja kutuambia alichojibiwa mara moja. Nguzo nne zimesimikwa. Siwema alipiga kura ile moja, ya uchaguzi uliofuata, akafa miezi miwili baadaye, kifua. Mimi niko Lugongwe mwaka wa sita huu. Miguu huniwasha kila kiangazi, nikisikia lori la mpunga.