Barua Niliyomsahihishia Shemeji

Kwa miaka kumi na moja tangu amwoe dada yangu, shemeji hakuwahi kunisalimia bila utani. Salamu yake ilikuwa, "We Fundi Makasha, bado wanakulipa kwa kubonyeza?" au, "Ningejua bibi harusi ana kaka wa namna hii, ningerudi nyumbani na suti yangu." Tulifanya kazi hospitali moja. Yeye alikuwa karani wa miadi, meza ya kwanza ukiingia. Mimi nilikaa ghorofa ya pili na programu zangu.

Hayo makasha hayakuwa utani mtupu. Zamani hospitali ilikuwa na programu moja kubwa ya kila kitu, kipande cha maabara kikipata mafua, hospitali nzima inalala. Mimi niliivunja vipande, kila kipande nikakifungia ndani ya kasha lake pamoja na vyote kinavyohitaji. Kasha moja linapokea rufaa, jingine linatunza likizo za madaktari, jingine linampangia mgonjwa tarehe, na la mwisho linamtumia ujumbe kwenye simu. Uzuri wake ni kwamba unatoa kasha moja, unaingiza jipya, na mengine hayana habari. Ubaya wake ni huo huo. Ndiyo maana niliandika kanuni kwa mkono wangu na kuibandika ukutani: ukibadilisha kasha, lijaribu kwanza pamoja na majirani zake.

Ijumaa moja mkurugenzi alileta wageni kuona kazi yetu. Nilikuwa na kasha jipya la kupanga tarehe, ambalo nilikuwa nimelijaribu peke yake tu. Ningeweza kuwaonyesha michoro, wakanywa soda zao wakaenda. Lakini mama mkurugenzi alikuwa ameshanivika kilemba cha ukoka, kwamba huyu kijana wetu hubadilisha tairi gari likiwa linatembea, nami nikakipenda kilemba. Nikaliingiza saa tano asubuhi, wagonjwa wakiendelea kuhudumiwa. Taa zote zikawaka kijani. Wageni wakapiga makofi, nami nikainama kidogo kama mwimbaji jukwaani. Hadi leo nikikumbuka kule kuinama, natamani ardhi ipasuke.

Wiki ya tatu, Jumatatu, wagonjwa arobaini na mmoja wa macho walikuja kupasuliwa siku ambayo daktari wao yuko likizo. Hawakuwa wamekula tangu jana yake, kama ujumbe ulivyowaelekeza. Wengi walikuwa wazee, wamekaa kwenye mabenchi ya ukumbi wakiwa wameshikwa mikono na mabinti zao. Mmoja alinisikia nikipita, akadhani mimi ni daktari, akaniuliza kama anaruhusiwa kunywa maji. Nikamwambia anywe, halafu nikapanda ngazi mbilimbili.

Kumbukumbu za mashine zilinichukua dakika kumi. Shemeji alikuwa ameiingiza likizo ile vizuri, wiki tano kabla. Tatizo ni kwamba kasha la likizo lilimtaja daktari kwa jina, na kasha langu jipya lilimtafuta kwa namba. Lilipomkosa halikulalamika, lilichukulia tu kwamba yupo kazini. Nikalirekebisha. Kasha bovu likatoka, zima likaingia, na hakuna aliyesikia chochote. Nilijiambia nitasema kwenye kikao ambacho mkurugenzi alikuwa ameitisha.

Kikaoni mkurugenzi alimgeukia shemeji. "Likizo za madaktari anaingiza nani?"

"Mimi, mama."

"Mbona hapa inaonyesha umeiingiza leo asubuhi?"

"Nilipoona watu wamejaa nilishtuka, nikaiingiza upya. Lakini hata mwanzo niliiweka."

Mkurugenzi akanitazama mimi. "Fundi, mfumo wako una tatizo?"

"Kwa sasa mfumo uko sawa," nikasema.

Haukuwa uongo, na hapo ndipo penye uchafu wake. Shemeji aliniangalia. Nilidhani ananishuku, kumbe alikuwa anajishuku mwenyewe.

"Basi huenda sikubonyeza kuhifadhi," akasema polepole. "Kama yeye amesema uko sawa, uko sawa. Huyu namjua."

Miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa hajawahi kupata barua ya onyo. Alijisifia jambo hilo harusini na misibani, mpaka dada akawa anamkanyaga mguu chini ya meza. Sasa faili lake safi lilikuwa mikononi mwangu, nami nilitazama kalamu yangu.

Mchana alipanda kwangu bila tusi hata moja. Alikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono.

"Shem, wewe ndiye msomi wa ukoo. Niangalizie lugha, nisije nikajiaibisha zaidi."

Ilikuwa barua ya kuomba radhi. Ningekuwa na haya hata chembe ningeichana pale pale. Badala yake niliisahihisha, tena kwa bidii, maana macho yakiwa kwenye karatasi hayalazimiki kumtazama mtu. Alipoandika "kosa lililotokea" nilikata, nikaweka "uzembe wangu." Nikamweleza kwamba wakubwa hupenda mtu anayebeba mzigo wake.

"Kweli maneno yana wenyewe," akasema, akaenda kuinakili. Kwa barua hiyo alipata onyo, akahamishiwa ghala la mashuka.

Jumamosi nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwao. Nilimkuta sebuleni akipiga pasi koti la kazi la bluu, lile la watu wa ghala. Dada alikuwa jikoni. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: kasha, wageni, dakika kumi, kikao. Pasi ilisimama wima muda wote.

"Ile barua," akauliza, "uliisahihisha ukijua?"

"Nilijua."

"Na mkurugenzi umemwambia?"

"Bado. Nilitaka wewe usikie kwanza."

"Hapana," akasema, wala hakupandisha sauti. "Umekuja kwangu kwanza ili nikwambie yaishe, tusimsumbue mama mkurugenzi. Ulijua ningesema hivyo."

Alikuwa amesema kweli, kweli ambayo mimi mwenyewe nilikuwa sijajiambia nilipokuwa nabisha hodi. Jikoni sauti ya vyombo ilikuwa imekatika, dada alikuwa amesikia kila kitu. Hakutoka kuniaga.

Jumatatu niliandika barua yangu, na sikumpa mtu kuisahihisha. Nilibandikiwa onyo, nikapokonywa ufunguo wa kuingiza makasha kwa miezi sita, na mkurugenzi alinitazama kama mtu anayetazama tunda alilouziwa limeoza ndani. Yote hayo niliyameza. Shemeji alirudishwa mezani kwake Alhamisi, na lile onyo likatolewa kwenye faili.

Asubuhi ile nilipita mbele ya meza yake makusudi, tena polepole, nikitega sikio. Nilikuwa tayari kwa tusi lolote, hata la mama yangu ningelipokea kwa mikono miwili. Akainuka kitini na kunipa mkono.

"Habari za asubuhi, bwana," akasema. "Kazi njema."

Hivyo ndivyo anavyonisalimia mpaka leo.