Rangi Nyekundu Bondeni

Tangu asubuhi chai aliyomiminiwa Bi Mipango ofisini ilikuwa imepoa mbele yake bila kuguswa. Bi Mipango ndilo jina walilompa wenzake, kwa sababu yeye ndiye afisa mipango wa halmashauri, na kwa sababu hata kwenda dukani hawezi bila kupanga. Leo madiwani wangepitisha mpango wa mji wa kukabili mabadiliko ya tabianchi, mpango uliomkosesha usingizi muda mrefu, na badala ya kufurahi alikuwa akiomba kimoyomoyo umeme ukatike kikao kiahirishwe.

Mpango wenyewe haukuwa na fumbo. Bondeni, pale mto unapopita nyuma ya nyumba za watu, ungechorwa mstari mmoja. Walio chini ya mstari wangehamishiwa viwanja vya juu, na mahali pao pangepandwa miti na bustani za mboga, na kuchimbwa mabwawa ya kupokea mafuriko. Walio juu ya mstari wangebaki, wajengewe mitaro. Wafadhili walitoa sharti moja: mstari ufuate mahali maji yalipofika kwenye mafuriko makubwa ya mwisho, na wakazi wenyewe ndio waonyeshe. Sharti zuri, nani atalikataa? Ila kitu kizuri mikononi mwa watu wenye haraka huharibika vilevile.

Maana ilibidi mahali maji yalipofika pawekewe alama ukutani, na alama inataka rangi. Bi Mipango akaomba rangi. Mtunza stoo akasema ipo, tena ya kumwaga, akatoa makopo ya rangi nyekundu, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza ilibaki kutoka kazi gani. Ilibaki kutoka kazi ya kupanua barabara, ilipopigwa X kwenye kila nyumba iliyobomolewa. Sasa wewe niambie: mtu aliyeona jirani yake anapigwa X nyekundu, tingatinga likaja halafu hata mlango hakuokoa, akiona tena watu wa halmashauri wanashuka na kopo lile lile, atawaambia maji yalifika wapi? Bonde zima likajibu kama darasa lililokaririshwa: maji yaliishia kizingitini. Waliokwisha kuchorwa wakasugua. Waliosugua rangi ikagoma wakapaka chokaa. Mhandisi wa halmashauri akavipokea vipimo hivyo kwa mikono miwili, akachora mstari wake chini kabisa, ukingoni mwa mto, na karibu nyumba zote zikawa salama kwenye ramani.

Aliyelikaririsha darasa hilo alikuwa baba yake Bi Mipango.

Mzee huyo alikuwa fundi cherehani, na ingawa macho yalikwishamwachisha kazi, watu waliendelea kumwita Fundi na kumsikiliza. Nyumba yake ya bondeni aliijenga kwa jasho lake, mkewe aliugulia na kufia humo, na yeye alishaapa kwamba atatoka humo akiwa amebebwa. Shida ni kwamba binti yake alikuwepo siku ya mafuriko. Alikuwa msichana wa shule. Aliyaona maji yakipita ukingo wa dirisha, akamwona baba yake akivunja dari kwa nyundo na kuwasukuma yeye na mama yake juu ya paa, na kutoka huko juu waliwasikia kuku wakipiga kelele bandani mpaka wakanyamaza. Kizingitini. Hivi kuku huzama kizingitini?

Siku hizi kila mvua ikinyesha Bi Mipango hukaa na simu mkononi. Mvua zenyewe zimekuwa na vituko, hazifuati msimu wala adabu, na mzee ana goti bovu, hata kupanda kwenye kiti anashikiliwa. Mvua kubwa ikirudi, nani atavunja dari? Mitaro itakayojengwa kwa vipimo vya uongo haitazuia kitu. Alijua akinyamaza atamzika baba yake kwa maji, na akisema atakuwa binti aliyemtoa baba yake kwenye nyumba alimofia mama. Juu ya hayo, ile rangi aliiomba yeye. Akawa hasemi wala halali usingizi.

Wiki moja kabla ya kikao alimfuata nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kama mwanangu au kama serikali?"

"Kama mwanao. Baba, yale maji."

"Yaliishia kizingitini."

"Tulipanda juu ya paa, baba."

"Tulipanda kupunga upepo." Mzee akacheka peke yake, kisha akakunja uso. "Sikiliza, mama. Huko juu mnakotaka kunipeleka hakuna jirani, hakuna mti, hakuna mtu anayenijua. Maji yakija huondoka. Serikali ikija haiondoki."

"Ile rangi haikuwa ya kubomoa. Ni makosa yetu, ni makosa yangu mimi."

"Basi makosa yako usinilipishe mimi."

Mama Pacha, aliyepanga chumba mle mle nyumbani kwa mzee, alikuwa anaanua nguo uani na wanawe wawili wamemng'ang'ania sketi. Alikuwa mgeni bondeni, alihamia baada ya mafuriko kusahaulika, na Fundi kwake alikuwa mzazi kabisa. Ndiye aliyempigia debe akapata kibanda cha kuuzia mboga. Akadakia kutoka kwenye kamba, "Mwambie, baba. Hapa hatuondoki mtu." Mzee akamnyooshea binti yake kidole cha ushindi. Bi Mipango akaaga, na njia nzima alijilaumu kwa maneno ambayo hakuyasema.

Haya, siku ikafika. Umeme haukukatika. Ukumbi wa halmashauri ulijaa, madiwani mbele kwenye viti vya kitambaa, wananchi nyuma kwenye vya plastiki, na mapangaboi yakizungusha joto lile lile. Fundi alikuwa amekaa mstari wa kwanza wa wananchi, amevaa koti aliloshona mwenyewe enzi za macho mazuri, na Mama Pacha pembeni yake. Mhandisi akawasha projekta, mstari ukaonekana ukutani, wa bluu, mwembamba, umelala kando ya mto bila kumgusa mtu.

"Na wakazi wenyewe wamethibitisha," akamaliza.

Mwenyekiti alikuwa mtu asiyependa kikao kivuke saa ya chakula. Akasema, kwa ajili ya kumbukumbu, mkazi mmoja asimame aseme. Hakukuwa na haja ya kuuliza ni nani. Fundi akasimama kwa kushika bega la Mama Pacha.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi nimekaa bonde lile kabla mto haujapata daraja. Mafuriko nayajua. Maji yaliishia kizingitini. Nyumba zetu ni salama, tunaomba mitaro na tunawashukuru."

Makofi yakapigwa. Mama Pacha alipiga kuliko wote.

"Kuna swali kwa mzee kabla hatujapiga kura?" Mwenyekiti alikwishaanza kukusanya makabrasha yake.

Bi Mipango akanyoosha mkono. Mhandisi akamtazama kama aliyemkanyaga, maana afisa hamuulizi mwananchi maswali mbele ya madiwani, jambo hilo huzungumzwa ofisini. Lakini mkono ulikuwa umeshakwenda juu, na kuushusha ingekuwa aibu ya pili.

Alikuwa amejiandalia hotuba ya vipimo. Ikampotea yote. Alipofungua mdomo, kilichotoka hakikuwamo kwenye mpango wowote.

"Baba," akasema, na ukumbi ukatulia kwa sababu wengi hawakujua kuwa yule ni baba yake. "Mvua zikianza, mimi nitasafiri kikazi. Nataka nikuletee mjukuu wako. Akae kwako, alale kwako, msimu mzima mpaka mvua ziishe. Nimlete?"

Mzee akatabasamu, maana mjukuu yule ndiye mboni ya jicho lake. Akafungua mdomo kukubali. Kisha tabasamu likakaa pale pale bila neno. Alimtazama binti yake, na binti hakuyaondoa macho, ingawa yalikuwa yamejaa machozi na mbele ya madiwani hilo halipendezi.

"Sema, mzee, ni swali jepesi," Mwenyekiti akamhimiza.

"Mtoto yule," Fundi akasema polepole, "mvua ikinyesha hawezi kulala mle."

"Kwa nini, baba?"

"Wewe unajua kwa nini. Ulikuwepo." Sauti ilikuwa imeshuka, ila kipaza sauti kilikuwa karibu na kila mtu alisikia. "Yalifika dirishani. Yalipita dirisha. Sitamweka mjukuu wangu mle, hata mkinifunga."

Mhandisi akazima projekta, na hakuna aliyemwambia azime. Mwenyekiti akakohoa, akasema kura imeahirishwa, vipimo vikachukuliwe upya, na safari hii kwa rangi nyingine. Bi Mipango aliyasikia hayo kwa mbali. Alikuwa amepata alichokitaka, baba yake atahamishwa na ataishi, na alikuwa akingoja moyo utulie. Haukutulia.

Mama Pacha ndiye aliyekuwa bado hajaelewa, au alikuwa ameelewa kabla ya wote. Alikuwa ameushika mkono wa koti la mzee, hauvuti wala hauachii.

"Baba," akauliza, kwa heshima ile ile ya kila siku. "Na wangu je? Si wanalala mle?"

Fundi alimgeukia binti yake kama anayeomba kusaidiwa neno. Mvua zote zile alizokaa na simu mkononi, Bi Mipango alikuwa akimhesabu mtu mmoja tu ndani ya nyumba ile.

Mama Pacha akauachia mkono wa koti. Akachukua mkoba wake chini ya kiti, akapita katikati ya watu bila kuwaomba radhi, akatoka mbio kwenda kuwatoa wanawe. Nje jua lilikuwa kali, na angani hapakuwa na hata wingu.