Mpapai wa Mama Mkwe

Kila asubuhi mama mkwe wangu alifunga begi lake kama watu wengine wanavyopiga mswaki. Alilifunga, akaliweka mlangoni, akalikalia kidogo, kisha akainuka na kuanza kuzunguka uani akiburuza ndala, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mimi ni fundi cherehani na kazi yangu naifanyia chumba cha mbele, kwa hiyo ndala zile nilizisikia kutwa nzima. Ikafika mahali mguu wangu kwenye cherehani ukawa unafuata mwendo wake. Siku moja nilishona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, na mwenye gauni akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani.

Amani ilikuwepo. Utulivu ndio haukuwepo.

Mama aliletwa kwetu baada ya kuanguka. Alikuwa akiishi peke yake kwake, mbali, kwenye mvua na udongo mweusi, ambako maisha yake yote aliotesha miche ya matunda na kuiuza kando ya barabara. Alianguka jikoni asubuhi, akalala pale sakafuni mpaka jioni jirani alipopita kuomba chumvi. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma na si mtu wa machozi, lakini siku ile alilia mbele ya wateja wake na simu mkononi. Tukamleta mama. Mguu ukapona, na ulipopona tu akaanza kudai kurudi.

"Hapa hata nzi wana kiu," alisema. "Nitakaaje mahali pasipoota kitu?"

"Lakini mama, kule utakaa na nani?" mume wangu akauliza.

"Nitakaa na mimi."

Mume wangu akaondoka kwenda kazini. Moto wa kuchomelea anaushika mchana kutwa, ila mama yake anamwogopa. Na mimi, nisiseme uongo, sikuwa mkwe wa kupigiwa mfano. Hasira zangu ziko karibu, na mama naye hana dogo. Lakini kila nilipomfikiria amelala kwenye ile sakafu, anaangalia miguu ya meza na kusubiri mtu apungukiwe chumvi, moyo ulikuwa unanipasuka. Sikutaka arudi kule. Basi siku moja ndala ziliponifika shingoni nilisimamisha cherehani nikatoka nje.

"Mama, tukiotesha kitu hapa uani, utatulia?"

Akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile kumwona amesimama.

"Nioteshee mpapai," akasema. "Mchicha hata mvivu anaweza. Mpapai ukishika, nakaa. Ukifa, mnanirudisha kwangu na sitaki maneno."

Nikakubali kabla sijafikiri, ndiyo tabia yangu.

Ardhi ya uani kwetu ilikuwa imekanyagwa miaka na miaka. Jembe lilipoigonga liliruka na kurudi. Mume wangu akaazima sururu, na jioni mbili tatu akitoka kazini tulichimba kwa zamu huku mama akizunguka na kutukosoa. Nilipoanza kuzamisha kitalu cha mboga badala ya kuinua tuta, aliangua kicheko.

"Unalima au unachimba kaburi la kuku?"

"Mama, mimi nimekulia kwenye ukame. Tuta la kuinuka ni la kwenu kwenye mvua. Hapa tunashuka chini, maji machache yakija yakutane pamoja."

Akatikisa kichwa, lakini kesho yake nilimkuta anasawazisha kingo za kitalu kwa mguu, akijifanya anapita tu.

Tulichanganya samadi. Juu yake nilitandaza majani makavu, na yalipoisha nikaleta gunia la vipande vya vitambaa kutoka chini ya cherehani ili vizuie jua. Mama akapekua gunia lote. Vya pamba akaviruhusu, vile vya kung'aa akavitupa, akisema haviozi na anayevaa nguo zile anamhurumia. Mume wangu akachomelea fremu ya vyuma, nikaunganisha magunia mawili kwa mshono wa kurudia, tukapata kivuli cha saa sita. Na maji hatukumwaga tena. Yaliyoosha mboga, yaliyosuuza nguo sabuni ikiwa imekwisha kutoka, yote yalikuwa na kwao. Mume wangu alioga amesimama kwenye beseni bila sabuni kisha akalibeba nje kwa mikono miwili, mwendo wa tahadhari, taulo kiunoni, na jirani zetu walipata la kuzungumza.

Bamia zikaota kwanza, kisha kunde, kisha mchicha. Mimi nisiyetulia nikazidi kutotulia. Nilishona upindo mmoja nikainuka kuchungulia, nikashona mwingine nikainuka tena. Wateja walingoja. Nilikuwa nafunua majani makavu kuona kama kuna kichwa cha kijani kimetoka, na kikiwepo nafurahi kama mjinga.

Ila mpapai ulikuwa wa mama peke yake. Shimo alilisimamia yeye, mche aliuchagua yeye kwa muuzaji, akimrudishia mmoja baada ya mwingine mpaka yule bwana akaanza kujifuta jasho.

"Shimo hili ni kama ndoo," alituambia. "Udongo wa pembeni mgumu, maji hayana pa kutokea. Ukiumwagilia ovyo, mizizi inaoza. Kwa hiyo asiuguse mtu. Nitaupima mwenyewe."

Na alikuwa na namna yake ya kuupima. Aliinama pole pole, akageuza uso pembeni kama mtu anayetega sikio, akatumbukiza kidole cha shahada mpaka pingili ya pili. Akangoja. Kisha akakichomoa, akakifuta kwenye upindo wa gauni bila kukitazama, akatoa hukumu.

"Kavu. Leta maji."

Nikaleta. Kesho yake tena, kavu, nikaleta. Ndala zikapungua. Begi likawa linafungwa saa nne badala ya alfajiri, halafu kuna siku halikufungwa kabisa, na mume wangu akanikonyeza mezani. Nikaanza kupumua.

Kisha majani ya chini yakawa ya njano.

"Kiu," akasema mama. "Jua la kwenu halina huruma. Leta maji."

Njano ikapanda juu. Jani likaanguka, na jingine. Niliamka usingizini nikiuwaza ule mpapai, nikauwaza nikipiga pasi, nikamchoma mteja kwa sindano nikimpima kiuno. Ndala zikarudi, haraka kuliko mwanzo. Siku ya kufua nilichukua gauni la mama nikaona upindo wake. Kitambaa nakijua, na madoa nayajua. Lile halikuwa vumbi. Lilikuwa tope, jingine bado bichi, mstari juu ya mstari, kila mahali alipofutia kidole.

Nikasimama na gauni mkononi. Mtu anafuta tope halafu anasema kavu? Aliyetuambia mwenyewe kwamba mizizi itaoza?

Nikampelekea mume wangu maneno yangu kibandani kwake. "Mama yako anauzamisha makusudi. Ukifa anarudi, si ndiyo tuliyokubaliana?"

Akavua miwani ya kazi. "Mama aue mche? Mama angeniua mimi kwanza."

"Basi nieleze lile tope kwenye gauni lake."

Sikuwa na subira ya kungoja jibu. Nilirudi nyumbani moja kwa moja mpaka uani.

"Mama, unaumaliza huu mti makusudi. Kama ulitaka kwenda, ungesema tu. Ulitufanya tuchimbe mwamba wa nini?"

Nilitegemea vita. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Lakini alinitazama kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, akasema taratibu, "Mimi? Mche?" Akaingia ndani. 

Mpapai ukalala. Shina lilikuwa laini pale chini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na liliponyofoka likanuka. Mama alikuja, akaliona, akarudi ndani kufunga begi. Safari hii alilifunga kwa kamba.

"Maneno ni maneno," alimwambia mwanawe. "Nirudishe."

Mume wangu akanitazama. Nami nikatazama ukuta. Makubaliano nilikuwa nimeyafanya mimi.

Asubuhi ya safari jirani mwenye pikapu alisimama getini, injini ikinguruma. Mume wangu alikuwa anapakia begi na kiti cha mama. Mimi nilijifungia chumba cha mbele nikajifanya nina kazi ya dharura, nikitawanya vipande vya gauni mezani na pini kila mahali, wala sikujua nabana nini na nini. Sikutaka kumuaga. Nilikuwa na hasira naye, nilikuwa na hasira na mimi, na chini ya hasira zote hizo nilikuwa naogopa.

Akasukuma mlango. Alikuwa amevaa viatu.

"Naenda," akasema. Akaegemea meza kwa mkono mmoja, kiganja katikati ya vitambaa vyangu. "Bamia uzichume changa, usingoje zigeuke kuni. Na kunde zile usizionee huruma, chuma majani zikizidi. Wewe una haraka ya maneno lakini kwenye kuvuna unasitasita. Sikiliza ninachokuambia."

Akainua mkono, akaninyooshea kidole.

Kwenye ncha ya kidole kile kulikuwa na pini imesimama. Ilikuwa imezama karibu nusu, kichwa chake cheupe kikitikisika anapozungumza, na damu ilikuwa imeanza kushuka kuelekea kiganjani. Mama alikuwa anaendelea na kunde.

"Mama," nikasema.

"Usinikatize."

"Mama, kidole chako."

Akakitazama. Hakuruka, hakusema hata ah. Akauficha mkono mgongoni upesi kama aliyeshikwa na kitu cha mtu, na hapo ndipo nikaona ameogopa. Nilizunguka meza, nikauvuta ule mkono, nikachomoa pini. Hakukunja uso. Nikakibana kidole kwa kitambaa, nikabana zaidi.

"Unasikia?"

Nikahamia kidole kingine.

"Na hiki? Na hiki?"

"Mikono yote miwili," akasema. "Ganzi tupu. Acha kunibonyeza, mimi si embe."

Masikio yangu yakawa ya moto. Asubuhi zote zile, uso umegeuka pembeni, anangoja kidole kimwambie, na kidole hakina habari. Tope na vumbi kwake vilikuwa kitu kimoja. Jua linawaka, basi akasema kavu. Na mimi nikaenda kumsimamia uani na kumwambia anaua mche makusudi. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia pale.

"Tangu lini, mama?"

"Kabla sijaanguka. Nilidhani nimeshika meza." Akautazama ule mkono. "Nilikuwa sijaishika."

"Na ndiyo unataka kurudi kule? Uwashe jiko peke yako? Ushike kisu?"

"Kule hakuna mtu wa kunitazama hivi unavyonitazama sasa."

Honi ikalia nje. Mume wangu akaita, "Mama! Gari linangoja!"

Akanishika kwa macho. "Usimwambie. Nilimlea kwa mikono hii. Usimwambie."

 Nilitoka hadi getini kwa mwendo wangu wa shari, ule ambao mtaa mzima unaujua.

"Zima gari," nikamwambia jirani. "Mama hasafiri."

"Hasafiri vipi?" mume wangu akasema. "Si mlikubaliana wenyewe?"

"Tulikubaliana. Nimevunja."

"Wewe umevunja? Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu sitaki aende. Kesho nampeleka hospitali, ana mambo yake ya kike, usiniulize. Na kama hutaki, panda wewe uende."

Jirani akaguna kwamba amepoteza asubuhi yake bure. Mume wangu akafungua mdomo, na najua alichotaka kusema, maana nami kama ningekuwa yeye ningekisema. Lakini mama alikuwa amekwisha kutoka. Alisimama karibu yangu, kitambaa cha gauni la mteja kimefungwa kidoleni, kidevu juu.

"Mkeo huyu hana adabu," akamwambia mwanawe kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Amenikatalia. Mimi nitafanya nini, mtu mzima kama mimi? Shusha mizigo."

Mume wangu alimtazama mama yake, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukubali kukatazwa na mtu. Akakitazama kile kitambaa. Akanitazama mimi.  Akapanda nyuma ya pikapu, akatupa kisogo, akakaa akihangaika na kamba ya begi kwa muda mrefu kuliko fundo lilivyohitaji.

Mama akauingiza mkono wake ndani ya wangu ili aegemee. Alinishika kwa nguvu zote, mpaka pete ikanikata na vidole vikaanza kuniuma. Hakujua kama ananiumiza. Nami sikumwambia.