Baba Aliyeombwa Anyamaze

Don Eleuterio alikuwa ameinamia tairi la lori, anatafuta pancha, binti yake Nereida alipoingia gereji na kusimama kando ya beseni la maji kama mteja.

"Baba, Jumapili ndiyo wanakuja kuposa."

"Niko redi, mija. Nyama nimeshaoda, spichi nimeipiga rihaso mara kumi. Usiwe na stresi, beibi."

Hivyo ndivyo alivyoongea, na hivyo ndivyo Laredo nzima, mji wa mpakani upande wa Marekani, ilivyoongea: Kihispania kinaanza, Kiingereza kinadakia, na hakuna anayegeuka kushangaa. Marehemu mkewe, Chelo, alimbembeleza Nereida kwa maneno hayo, na kwa hilo "mija", yaani "binti yangu" kwa mkato wa nyumbani. Kwa hayo hayo Eleuterio alimfundisha kuendesha troka, kama walivyoliita lori. Ila mchumba, Leopoldo, alitoka Monterrey, Meksiko, ng'ambo ya mto, na kwao wanaongea Kihispania kilichopigwa pasi.

"Ni hiyo spichi, baba." Nereida alitazama sakafu. "Mwezi uliopita nilikula kwao, nikasema troka. Neno moja tu! Mama yake Leopoldo, doña Hortensia, akaniuliza mbele ya meza nzima, 'Vipi mwanangu, unaumwa meno?' Wakacheka mpaka wajomba. Nilitamani ardhi ipasuke."

"Achana nao. Wana pozi tu hao."

"Wakija, naomba usiongee. Itikia kwa kichwa, tabasamu, basi. Nifanyie hilo tu."

Eleuterio alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Spichi ile haikuwa yake peke yake. Chelo, wiki ya mwisho hospitalini, alimwapisha: siku watakapokuja kumtaka mtoto, utaongea kwa ajili yetu sote wawili. Angemwambiaje hayo msichana mwenye hofu namna ile?

"Sawa," akasema.

Jumapili walikuja na maua, kikapu cha matunda na chupa ya gharama. Baba yake Leopoldo aliongea robo saa nzima, maneno yamepangwa utadhani anasoma. Kisha wote wakamgeukia Eleuterio, maana baba wa binti ndiye mwenye jibu. Eleuterio akatikisa kichwa kukubali, akatabasamu. Wageni wakangoja, wakangoja, hadi mjomba mmoja akapiga makofi.

"Mzee wako ana heshima zake," doña Hortensia alisema akiwa na sahani ya nyama. "Mtulivu kama padri!"

Chini ya meza Nereida alimbana baba yake mkono kumshukuru. Hakuna kilichomuuma mzee siku ile kama shukrani hiyo.

Tangu hapo akaanza mazoezi, maana alijijua: ulimi ukiachiwa gerejini, utateleza harusini. Kwenye simu akawa mtu wa "ndiyo" na "vizuri". Wateja wakamuuliza kama anaumwa koo. Nereida, kichwa chote kikiwa kwenye gauni na wageni, hakuona kitu. Mara moja tu alisema, "Siku hizi umetulia, baba," na akasema kwa furaha.

Asubuhi ya harusi, sebuleni, Nereida alipiga magoti juu ya mto alioutarizi Chelo, ili apewe baraka kabla ya kwenda kanisani. Eleuterio akamchora msalaba kwenye paji la uso. Baada ya msalaba mzazi husema lake, nao wakangoja. Doña Hortensia alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake.

"Baba, sema," Nereida alinong'ona. "Sema vile unavyosema wewe."

Mzee akafungua mdomo. Alikuwa nayo mengi, yake na ya Chelo, na kila neno lililomjia lilikuwa la kuchekwa. Akamtazama mwanamke wa mlangoni. Akaogopa, si kwa ajili yake, kwa ajili ya mtoto ambaye angeishi na kicheko kile miaka yote.

"Hongera, binti yangu," akasema kwa Kihispania safi kabisa. "Mungu akujalie ndoa njema."

Hapakuwa na kosa hata moja. Angeweza kumwambia hivyohivyo binti wa mteja yeyote.

"Amesema vizuri sana," akasifu doña Hortensia.

Nereida aliushika mkono ule ambao grisi haikutoka kuchani hata siku ya harusi, akalia hadi wanja ukamchuruzika. Mpiga picha akasema hakuna bibi harusi asiyelia.

"Niite mija," Nereida aliomba. "Hilo tu, baba. Niite."

Midomo ya Eleuterio ilicheza, sauti haikutoka. Alikuwa amejizuia miezi mitano, na sasa alipotaka kujiachia hakuweza. Nje wakapiga honi. Akamshika kiwiko, akamwinua taratibu, akampeleka garini bila neno.