Mtungi Aliojaza Mjomba

Alikuwa amechoshwa na walimu. Kazi yake ya kuongoza wapiga mbizi ilikuwa ukingoni: bosi alitaka watu wenye cheti cha kina kirefu, na kina kirefu hakina mzaha, ukikosea huko hupandi. Mwalimu wa kwanza alimwahidi cheti kabla hata hajamwona majini. Wa pili, alipoulizwa yeye alifundishwa na nani, ghafla akakumbuka ana simu ya kupiga. Mtu mzima na ndevu zake!

Akabaki na Mjomba, kaka wa mama yake, mwalimu wa kupiga mbizi aliyemfundisha hata kuogelea. Moyo ulitulia kidogo alipoingia kwenye stoo yake yenye harufu ya mpira.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mtungi wako wa hewa huo. Nimeshaujaza, nimeshaupima."

Ubavuni palibandikwa jina lake, kwa mwandiko wa Mjomba. Na Mjomba huyohuyo ndiye aliyemkaririsha kwamba kila mtu apime hewa yake kwa mkono wake, hata kama aliyejaza ni baba mzazi.

"Ngoja niupime na mimi."

"Ah! Unapima mtungi au unanipima mimi? Nimekulea!"

Alitamani kunyamaza. Uchovu ulimwambia aamini, avae, yaishe. Lakini alishatoa kipimo chake cha oksijeni begini. Akafungua vali kidogo, akasubiri namba itulie. Oksijeni ilikuwa nyingi mno, ya kuvutwa karibu na uso wa maji tu. Kwenye kina walichopanga ingemtia degedege hukohuko chini.

Akamwonyesha. Mjomba akakisogeza kipimo karibu na pua, akakipeleka mbali, akakirudisha.

"Inasema ngapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

Mpwa wake alitaka kukasirika, ikaja huruma, na huruma ilimchosha zaidi.

"Macho yameanza kufifia lini, Mjomba?"

"Yana muda."

"Na wanafunzi wa kesho?"

Mjomba akageukia mitungi iliyopangwa ukutani, kila mmoja na jina la mwenyewe, kwa mwandiko uleule.

"Nipe funguo za stoo," mpwa akamwambia.

"Unanifungia kazi yangu?"

"Ndiyo, Mjomba."

Mzee akazitoa mfukoni taratibu, akamwekea kiganjani. Kisha wakaanza kufungua vali, mtungi mmoja baada ya mwingine, hewa ikatoka kwa kelele, na wote wawili wakashukuru kwamba hawangeweza kuzungumza. Na mpwa alikuwa bado hana mwalimu.